Alama ya Arvid Salmela

Marlys Engen alikuwa na miaka ishirini na miwili katika kliniki ya saratani, na kwa miaka sita ya mwisho moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Hakulia tena. Mgonjwa akifa, alituma kadi kwa familia, akala chakula chake cha mchana, akamwita anayefuata. Wenzake walimwita jasiri. Watu hupenda kuipa ganzi majina mazuri.

Hakuwa daktari. Alikuwa muuguzi aliyesoma hadi akaruhusiwa kupima, kuandika dawa na kumkaripia mgonjwa asiyekunywa maji. Huko kaskazini mwa Minnesota, mzee akimwona daktari hukaa wima na kusema yuko sawa. Daktari akishatoka, humwambia Marlys kwamba hajala tangu Jumapili. Ndiyo maana siku moja alimsimamisha Daktari Raghavan ukumbini.

"Hivi huu utafiti wenu wa dawa mpya, mbona sisi wauguzi hatumo? Wagonjwa tunashinda nao sisi."

"Hujawahi kuniuliza."

"Haya, nimekuuliza."

"Basi umo," daktari akasema. "Na pole. Kwa makaratasi yake utanilaani."

Marlys akafanya masomo kwenye kompyuta, akafaulu mtihani, akapata cheti. Ikabaki sahihi moja tu, katika daftari linaloonyesha nani ameruhusiwa kufanya nini kwenye utafiti. Joslyn, mratibu wa utafiti, alimkumbusha mara mbili. Mara zote mbili Marlys alijibu, "Nitasaini, mama, nitasaini," huku akifungua mlango wa mgonjwa mwingine.

Jumanne akampima Arvid Salmela, dereva mstaafu wa treni za kubeba mawe yenye madini ya chuma, mwenye saratani ya kongosho. Dawa zote za kawaida zilikuwa zimeshindwa kumsaidia. Katika utafiti ilibaki nafasi moja kwa hospitali nzima, nayo ingekuwa yake kama angekuwa na nguvu za kutosha. Nguvu hupewa alama. Sifuri ni mtu anayefanya kila kitu kama zamani. Moja ni anayeweza kazi ndogondogo. Mbili ni anayejiogesha na kujivika, lakini kazi hawezi. Utafiti ulichukua sifuri na moja, basi. Waliokuwa dhaifu zaidi dawa ile iliwaumiza vibaya.

"Sauna anawasha nani siku hizi?" Marlys alimuuliza, maana wazee wa huko huoga mvuke kwenye kibanda chenye jiko la kuni.

"Nani tena? Kuni napasua mwenyewe. Pole pole, lakini napasua."

Akaandika moja. Jumatano, alipopata dakika tatu, akalisaini daftari.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la muuguzi hasa. Uuguzi humfundisha mtu kutenda kwanza na kuandika baadaye, maana damu haingoji kalamu. Utafiti unataka kinyume chake.

Ijumaa asubuhi Joslyn alimfuata mezani na lile daftari.

"Dada, Arvid umempima Jumanne. Sahihi yako ni ya Jumatano."

"Kwani si mimi yuleyule?"

"Ni wewe. Ila Jumanne, kwa utafiti, hukuwepo. Kile kipimo hakihesabiki."

"Sasa tunafanyaje?"

"Apimwe upya leo. Jioni nafasi inakwenda hospitali nyingine. Nimeshampigia, yuko njiani."

"Basi si neno. Siku tatu tu hizi."

"Siku tatu tu," Joslyn akasema.

Arvid aliingia akiwa ameshikwa mkono na mkewe, Ilene. Koti lake lilikuwa wazi na kamba za viatu zilikuwa zimefungwa kwa fundo la mtu mwingine. Marlys aliyaona hayo kabla hajamsalimu. Macho yake hayakuwa na ganzi.

"Unaendeleaje, bwana Arvid?"

"Si mbaya."

"Sauna?"

"Nimeiwasha jana."

Ilene alitazama mikono yake. "Jana alilala tangu saa nane mchana," akasema taratibu. "Nimeiwasha mimi. Hata kuoga hakuweza kwenda."

"Wewe nawe," Arvid akasema. "Ulikuja kunisindikiza au kunishtaki?"

"Anaponiuliza mtu wa hospitali, nasema kweli."

"Hajakuuliza wewe."

Marlys alimwomba Arvid ainuke kutoka kitini bila kujishika. Alifanikiwa mara ya tatu, mdomo ukiwa mweupe, kisha akamtazama Marlys kama mtoto aliyemaliza hesabu ubaoni. Marlys akasema asante, akatoka kwenda ukumbini na karatasi yake. Joslyn alikuwa ameegemea ukuta.

"Kati ya moja na mbili pana ukungu," Joslyn akasema bila kumtazama. "Hakuna atakayekuuliza."

"Najua."

Marlys alisimama akiitazama nafasi ya namba. Alijaribu kuona uchungu, hakuuona. Alijaribu kuona aibu, nayo ikaja kwa mbali, kama sauti ya redio ya jirani. Aliloliona vizuri ni kwamba Arvid angepewa dawa ile Jumatatu, na pengine Alhamisi angekuwa kitandani ghorofa ya nne, hatamki neno. Akaandika mbili. Akatia sahihi na tarehe, na safari hii kila kitu kilikuwa halali.

Akarudi ndani, akavuta kiti, akakaa magoti yake yakielekea ya Arvid.

"Hukupata nafasi," akasema. "Nguvu zimepungua, na dawa ile itakuumiza."

Arvid akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Ilene alifungua mkoba, akaufunga.

"Kuna jingine," Marlys akasema. "Jumanne ungeingia. Nilikupima kabla sijasaini karatasi, kwa hiyo kipimo kikatupwa. Nilikumbushwa, sikufanya. Kosa ni langu, si la mtu mwingine."

Marlys alingoja atukanwe. Angeshukuru.

"Jumanne ulinipa ngapi?" Arvid akauliza.

"Moja."

"Moja ya kweli? Hukunionea huruma?"

"Ya kweli."

Arvid alimgeukia mkewe, na uso wake ukachangamka kidogo.

"Umesikia, Ilene? Nilifaulu."

Ilene akasema amesikia. Marlys akainama kumfunga Arvid zipu ya koti, na vidole vyake vikawa vinaikosa.