Chupa za Chai Chini ya Makufuli

Machi 1998, Bi Mwatima alibakiwa na siku tatu Guangzhou, China, na kutulia hakuweza. Kwa miaka minne alikuwa msimamizi wa ghala dogo nyuma ya barabara ya Yide Lu, ambamo wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Unguja walipakiza mizigo yao. Sasa mama yake anaumwa Unguja, naye kazi amemwachia Kalista, binti wa Bukoba aliyesomea hapohapo Guangzhou. Chumbani kwake masanduku yalimngoja ayafunge, lakini asubuhi ile, kama jana yake, miguu ilimpeleka ghalani.

"Shikamoo, Bi Mwatima. Si tuliagana jana?" Kalista alimuuliza.

"Marahaba. Nimepita tu."

Akawa mara yuko mlangoni, mara kwenye mizani, mara ananyoosha lebo ambayo haikupinda. Wapakizi watano, wakiongozwa na Bwana Chen, walikuwa wamekaribia kulijaza kontena. Nje dereva wa lori alipiga honi.

Ndipo akaona. Katoni za chupa za chai zilikuwa chini, na juu yake zimepangwa katoni za makufuli. Zingefika Dar es Salaam vigae vitupu.

Neno lilimfika mdomoni, akalimeza. Akatoka nje, akarudi. Akisema, Bwana Chen atamsikiliza yeye badala ya Kalista, na wiki ijayo atamtafuta yeye, naye hayupo. Asiposema, mali ya watu itaharibika. Akajiambia: wakianza kufunga milango, nitasema.

Bwana Chen akashika mlango. Bi Mwatima akafungua kinywa.

"Subiri," Kalista alisema kwa Kichina. Aliingia ndani ya kontena, akapapasa katoni za chini. "Tushushe. Zote."

Bwana Chen akakataa, muda hakuna. Akamgeukia Bi Mwatima. "Laoban?" Ndivyo walivyozoea kumwita, yaani bosi.

Bi Mwatima alihisi wote wanamtazama. "Laoban ni yule," akasema, akimwonyesha Kalista.

"Mpango wa kupakia niliuandika mimi," Kalista aliwaambia wapakizi. "Nimekosea mimi. Mtanisamehe."

Akavua koti, akabeba katoni ya kwanza ya makufuli. Ilimwelemea. Bwana Chen alimtazama kitambo, akazima sigara yake, akaenda kushika upande wa pili. Wengine wakafuata.

Bi Mwatima alikunja mikono ya gauni ili naye abebe, kisha akaikunjua. Akatoka kwa dereva, akambembeleza mpaka akakubali kusubiri saa moja, akashika njia ya kwake bila kuaga.

Nyumbani alifunga sanduku, akalifungua, akalifunga tena. Kesho yake alikaa kitandani na viatu miguuni mpaka saa nne asubuhi, lakini ghalani hakwenda.