Kazi ya Kupoza Watu

Miaka minne Umulkheir alikaa kwenye dirisha la ofisi ya mizigo pale Isiolo, akimeza matusi ya wateja na kuwarudishia tabasamu. Ukimuuliza Halake, mwenzake wa meza moja, atakwambia wanawake wameumbwa hivyo. Ala! Nani ameumbwa kutukanwa? Umulkheir alivumilia kwa sababu moja tu: Mzee Abdighani, mwenye ofisi, alikuwa akitafuta msimamizi, na jina lingetajwa Ijumaa hiyo baada ya swala.

Basi Ijumaa yenyewe Halake akaharibu. Maziwa ya ngamia hufika kila asubuhi kutoka Kulamawe, na kila mama muuzaji ana kitambaa cha rangi yake kwenye mshikio wa mtungi. Halake, eti mzigo upendeze, alivifungua vyote akavitupa. Mitungi hamsini, haina mwenyewe!

Mama Isnino, mmoja wa wauzaji hao, alikuja juu. "Maziwa yangu iko wapi? Basi ya Nairobi inaondoka!"

"Toka na makelele yako!" Halake akamfokea. "Kama hutaki, beba na kichwa!" Kisha akageuka, kama kawaida yake. "Umulkheir, ongea na huyu mama."

Umulkheir alikuwa akichemka, wallahi, lakini alitoa kiti, akaagiza chai, akasema "pole mama" hata ulimi ukachoka. Kosa la mwingine, pole zake. Wakafungua mtungi mmoja mmoja, mama akinusa, mpaka akatambua miwili yake kwa harufu ya moshi aliofukizia mitungi. Miwili yake mingine haikuonekana; huenda mwingine alishaichukua. Akaondoka akinung'unika.

Baada ya swala mzee akawaita. "Msimamizi ni Halake. Ana sauti, watu wanamwogopa."

"Huyu aliyetupa vitambaa, mzee?"

"Binadamu hukosea. Na wewe nikikutoa dirishani, nani atapoza watu?"

Yaani kule kuifanya kazi vizuri ndiko kulikomfunga! Umulkheir akapiga meza. "Mzee, hii si haki!"

"Umeona?" mzee akamwambia Halake. "Hasira. Wanawake hawawezi kujizuia."

Asubuhi Halake amefukuza mteja, hiyo ni sauti. Yeye amepiga meza mara moja, hiyo ni hasira. Umulkheir alitaka kulia, na akajichukia kwa kutaka.

Mara kelele nje. Mama Isnino amerudi na wenzake sita, maziwa yao yamekosa basi na kuchacha juani. Halake akainama, akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

"Umulkheir, kimbia," mzee akanong'ona. "Watulize."

Umulkheir akaenda, naam, akaufungua mlango wa kaunta mpaka ukutani.

"Karibuni, mama zangu. Msimamizi ni huyo hapo chini. Semeni yote, na msipunguze. Leo mimi sipozi mtu."