Hatua za Tarishi

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye ubao wa ghorofa ya kwanza, pembeni mwa ratiba ya likizo: kila mtumishi achukue hatua elfu kumi kwa siku, kwa faida ya afya yake. Atakayefikisha kiwango siku nne mfululizo, Ijumaa atatoka saa sita mchana. Watumishi wote wa kudumu wakagawiwa saa za mkononi za kuhesabia.

Karani wa masijala alikuwa mzito wa kuinuka, mtu wa kuagizia hata kalamu iliyo meza ya pili. Alilisoma tangazo mara mbili. Halikusema apige hatua, lilisema achukue. Alipochungulia koridoni, akaziona hatua za tarishi zimelala sakafuni, nyembamba, zina vuguvugu bado, moja baada ya nyingine hadi kwenye ngazi. Akainama, akachukua moja, akaitia mfukoni. Saa mkononi ikahesabu moja.

Kufika Jumatano ofisi nzima ilikuwa inainama. Mhasibu alizikusanya kwa bahasha. Katibu muhtasi alipenda za kwenye ngazi, akidai zile ndizo zenye uzito. Muuguzi aliyekuja kupima presha aliwakuta wamechangamka, akasema kuinama nako ni mazoezi.

Tarishi mwenyewe hakupewa saa. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyeletwa na mkandarasi, na kwa miaka tisa alipandisha na kuteremsha mafaili ghorofa nne kwa miguu, maana lifti ilikuwa ya wakubwa. Mama yake alilazwa hospitali ya mtaa wa pili. Macho ya mama hayakuona tena, na hakukubali kijiko cha mtu mwingine ila cha binti yake. Wageni waliruhusiwa saa saba hadi saa nane mchana, na tarishi alizoea kufika kwa dakika kumi na tano.

Wiki ile dakika zikawa thelathini, kisha hamsini. Mtaa haukurefuka, maduka yalikuwa yale yale. Ila alipiga hatua tatu, akasogea moja. Alhamisi alimkuta mlinzi anafunga geti. Akampa chombo cha chakula akipeleke ndani, nacho kikarudi hakijaguswa. Ilimuuma sana.

Akaenda kwa ofisa utumishi.

"Bosi, naomba na mimi niingizwe kwenye mashindano. Nikitoka saa sita nitamuwahi mama."

"Dada yangu, wewe uko kwa mkandarasi."

"Lakini hatua ni zangu."

Ofisa alikuwa mpole, na upole wake ndio uliokera. "Wewe ukitembea ni kazi. Wenzako wakitembea ni mazoezi. Zawadi ni ya mazoezi."

"Basi wasiziokote."

"Ungekuwa na saa, tungejua kweli ni zako."

Ijumaa saa sita karani alichukua koti lake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mvivu tu, na huruma alikuwa nayo, mradi isimchoshe.

"Lete hicho chombo, dada. Mimi nitawahi."

Aliwahi kweli. Kwa mifuko iliyojaa namna ile, alifika kabla hajaamua apite njia ipi, akasubiri nje ya geti mpaka lilipofunguliwa. Wodini, mgonjwa aligeuza uso wake kuelekea mlangoni kabla karani hajaingia. Hatua zile alizijua tangu ile ya kwanza kabisa, siku mtoto alipoachia mkono wake.

"Umekuja, mwanangu. Nilidhani umenitupa."

Karani akaketi pembeni mwa kitanda, akafungua chombo. Bibi akala mpaka akakomba. Binti yake alifika getini saa nane na nusu, akasimama pale kidogo, akarudi kazini.

Jumatatu karani alirudisha chombo kimeoshwa.

"Alikula?" tarishi akauliza.

"Alimaliza. Usijali, kila Ijumaa nitakwenda."

"Na leo je?"

"Leo niko kazini, dada."

Tarishi akakipangusa chombo ingawa kilikuwa kikavu.

"Alikuitaje?"

Karani akatazama meza yake. "Mwanangu."

"Ukaitika?"

"Nikaitika."

Tarishi akamshukuru, akapakata mafaili ya asubuhi, akaanza kupanda kwenda ghorofa ya nne.