Nyumba ya Nyapara wa Reli

Nimesambaza barua mjini Kessler, Nebraska, kwa miaka ishirini na sita, na sijawahi kupoteza barua ya mtu. Nilichoharibu ni maneno machache niliyotumwa kwa mdomo, na hayo ndiyo ninayotaka kuyasimulia.

Klabu yetu ya treni ndogo hukutana Alhamisi jioni katika chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri. Tuko saba, na reli yetu inazunguka kuta zote nne kwa urefu wa kiuno. Treni za kuchezesha zipo tele. Tunaloshindwa kupata ni majengo. Kampuni zinazotengeneza majengo ya kuunganisha, yale yanayokuja vipande vipande ndani ya boksi, zinadhani sisi sote tunaishi kwenye sinema. Ukitaka baa ya wachunga ng'ombe, utachagua mpaka uchoke. Viwanda vya bia vipo vya kila aina, kana kwamba mji wetu ulikuwa na kazi ya kulewa tu. Lakini Bernadine Opitz, aliyekuwa muuguzi, ametafuta zahanati ndogo ya kijijini kwa miaka kumi bila mafanikio. Floyd Rasmussen anataka kituo cha kupokelea maziwa, na kila mwaka anatuambia kwamba asipokipata atakufa kwa hasira na lawama zitakuwa juu yetu.

Kila mwezi wa Oktoba tunaandika orodha ya majengo tunayoyatamani na kuituma kwa kampuni sita. Kwa kawaida hatujibiwi.

Mzee Orval Kuchta alikuwa na ombi moja tu, lile lile kila mwaka: nyumba ya nyapara wa reli. Zamani shirika la reli lilimjengea nyumba kila nyapara wa genge la kutengeneza njia, moja kila baada ya maili nane, zote za ramani moja: mbao, vyumba vinne, baraza linalotazama reli, banda la makaa nyuma. Baba yake Orval alikuwa nyapara, na Orval alizaliwa katika nyumba mojawapo. Zote zilishabomolewa isipokuwa hiyo hiyo aliyozaliwa, kule mwisho wa mji karibu na mto. Alikuwa akiishi humo dada yake mkubwa, Lorene.

Orval na Lorene walikuwa hawajasemeshana kwa miaka tisa. Lorene ndiye aliyemuuguza mama yao mpaka mwisho, miaka sita peke yake. Siku ya mazishi Orval, aliyekuwa dereva wa treni, alikuwa safarini, na alifika watu wakiwa tayari wanakula. Lorene akamwambia mbele ya kila mtu, "Umewahi keki." Orval aliweka sahani mezani akaondoka, na hakurudi tena katika nyumba ile.

Sasa mwaka juzi, mwezi wa Novemba, ikaja barua. Kampuni moja ndogo, ya mume na mke huko Wisconsin, walisema wamependezwa na nyumba ya nyapara. Ramani za zamani hazipatikani, walisema, lakini tukiwatumia vipimo vya pande zote nne, vya kila mlango na dirisha, pamoja na picha, wataitengeneza. Orval aliisoma barua ile amesimama. Kisha akaisoma tena amekaa. Tulipokuwa tunavaa makoti akanivuta kando.

"Wewe unapita pale kila siku, Wendell. Chukua futi kamba, nusu saa tu. Mwambie ni kwa ajili ya klabu."

Nikakubali. Kesho yake nilimpelekea Bi Lorene barua zake, nikamweleza. Alikuwa na umri wa miaka themanini kasoro mwaka, mwembamba, anavaa sweta ya marehemu mumewe. Aliniuliza nani hasa anataka vipimo. Nikamwambia.

Aliangalia reli. Kisha akasema, "Futi kamba haijishiki yenyewe, mwanangu. Inataka watu wawili. Mwambie aje, nitamshikia upande mmoja."

Hayo ndiyo maneno yake. Nayakumbuka yote. Lakini Alhamisi, Orval aliponiuliza, watu walikuwa wengi na Floyd alikuwa anasikiliza kwa masikio yote mawili, nikayakata. Nilimwambia, "Anasema uje mwenyewe."

Orval akakunja uso. "Amesema hivyo?"

"Ndiyo, hivyo."

"Basi anataka nikapige magoti. Asubiri."

Ningeweza kumwambia lile la kushikiana futi kamba. Nilikuwa na jioni nzima ya kulisema. Nilijiambia kwamba hasira zitapoa, na kwamba ni afadhali waje kuyamaliza ana kwa ana kuliko mimi kuwa mkalimani wao.

Bi Lorene naye aliniuliza siku ya Ijumaa, "Anasemaje?" Nikamtazama yule mama, nikamwambia, "Atakuja. Jumamosi moja hivi, akipata nafasi."

Sikuwa na sababu ya kusema Jumamosi. Ilinitoka tu. Lakini kuanzia wiki ile alianza kujiandaa. Aliukata mmea uliokuwa umefunika ukuta wa upande wa mashariki ili mbao zionekane. Alitoa vikorokoro vyote barazani. Jumamosi nilipopita nilisikia harufu ya kolache, yale maandazi matamu ya Kicheki, asili ya familia yao, yenye tunda la plamu katikati, na nilijua hakuwa anajiokea yeye, maana daktari alishamkataza sukari. Kila Jumatatu alikuwa akinipa zilizobaki, zimefungwa kwenye kitambaa. Nilizila garini nikiendesha. Nasema hili kwa aibu.

Mara moja, Januari, alinifungulia mlango akasema, "Pima wewe, Wendell. Nimechoka kuangalia barabara." Futi kamba ilikuwa garini mwangu tangu Novemba. Ningepima siku ile, na nyumba ingekuwa salama kwenye karatasi. Lakini nilijiona nina hekima. Nikawaza kwamba nikishapima, Orval hatakuwa na sababu tena ya kwenda. Nikamwambia Bi Lorene avumilie kidogo, ndugu yake yuko njiani.

Katikati ya Machi barafu ya mtoni ilivunjika kwa siku moja, mvua ikinyesha juu ya theluji. Mto ulipanda usiku na mchana, ukileta mabonge ya barafu makubwa kama malori. Vijana wa zimamoto walimtoa Bi Lorene kwa boti. Alichukua dawa zake na Biblia ya mama yake. Asubuhi ya pili nyumba haikuwepo. Zilibaki ngazi tatu za saruji na bomba la kisima.

Watu wa upande wa mto waliwekwa katika ukumbi wa michezo wa shule. Nilikwenda kugawa blanketi, na nilimkuta Orval ameshafika. Alikuwa amesimama mbele ya kitanda cha dada yake na kofia mkononi.

"Dada," alisema. "Pole."

"Ungekuja ilipokuwa na kuta," Lorene akamjibu, kwa sauti ya chini. "Nimekungoja Jumamosi kumi na saba. Nilikuwa nakuokea."

"Kuningoja? Mimi?"

"Wendell aliniambia unakuja."

Orval akageuka akanitazama. "Mimi sikusema nakuja. Uliniambia ananitaka niende mwenyewe, kama anayenikomoa."

"Nilisema nitamshikia futi kamba," Lorene akasema. Hakuwa anamwambia ndugu yake. Alikuwa ananiambia mimi.

Nilikuwa na blanketi mbili mikononi. Niliziweka kitandani, nikasema ni kweli, kwamba nilikata maneno upande mmoja na kuongeza upande mwingine. Orval hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alivuta kiti akakaa karibu na dada yake, akanipa mgongo.

Jioni ile na siku zilizofuata walijaribu kuikumbuka nyumba. Orval alisema jiko lilikuwa na madirisha mawili, Lorene akasema moja, la pili lilizibwa mwaka aliozaliwa Orval. Hawakuafikiana upana wa baraza. Picha zote zilikuwa zimekwenda na maji. Tuliwatumia wale watu wa Wisconsin kile kilichopatikana, nao walijibu kwa upole kwamba hawawezi kutengeneza kwa kukisia. Mwaka ule walitoa boksi moja jipya. Kiwanda cha bia.

Lorene alihamia kwa binti yake mjini Kearney. Orval aliijenga nyumba mwenyewe kwa kadibodi na vijiti, kwa miezi mitano. Oktoba, binti alimleta Lorene kuiona. Aliinama, akaiangalia muda mrefu, akasema nzuri, ila mlango wa nyuma ulikuwa unafungukia ndani. Orval akasema hapana, nje. Lorene alikunywa nusu kikombe cha kahawa akaaga, maana walikuwa na safari ya saa mbili.

Nilimsindikiza mpaka kwenye gari. Nilimwomba radhi, kwa maneno yote niliyokuwa nimeyapanga tangu Machi.

"Najua ulitaka tupatane," alisema huku akifunga mkanda. "Lakini ilikuwa nyumba yangu, Wendell, na ndugu yangu. Ungeniachia mimi mwenyewe nikate tamaa."

Orval bado huja kila Alhamisi. Tunasalimiana vizuri, tunaendesha treni pamoja. Akiwa na ujumbe wa kupeleka kwa mtu yeyote mjini, humtuma Floyd.