Ng'ombe wa Kwenye Video

Mellen alikuwa na ng'ombe wanne wa kukamua, na hakuna hata mmoja aliyekuwa wake. Walikuwa wa baba yake, Mzee Nchagwa, nje kidogo ya Kehancha. Yake yalikuwa maziwa. Huku ni kawaida, na hakuna aliyeona shida mpaka siku ile.

Jibini nilimfundisha mimi, jirani yao. Nimekata miwa mjini Awendo, nimevua samaki Takawiri, na katikati hapo nilifagia sakafu miaka miwili katika kiwanda cha maziwa upande wa Limuru. Ukifagia macho wazi, unajifunza. Nikamwonyesha kupasha maziwa, kutia dawa ya kugandisha, kuchuja, kufunga kwa kitambaa na kukandamiza kwa mawe. Halafu miezi mitatu ya kungoja, unageuza kila siku.

"Maziwa ya miezi mitatu, mzee wangu? Si hiyo ni sumu?" Alipoonja ya kwanza alikata kipande kingine.

Pesa ya friji na sufuria kubwa hakuwa nayo. Akaweka video mtandaoni kuomba watu wachange, na kila mchangaji akaahidiwa jibini moja ifikapo Desemba. Mimi ndiye niliyeshika simu. Alisimama bomani akawataja ng'ombe kwa majina, huyu Awendo, aliyetoka huko kwenye miwa, huyu Pili, akipapasa viwele vilivyojaa. Watu themanini na sita walichanga, wengine wako mpaka Uarabuni, asiowajua hata kwa sura. Friji ikaja. Tulikuwa na jibini kumi na tisa kwenye rafu wakati wakwe walipofika mwezi wa Agosti.

Walikuja kwa ajili ya Mniko, kaka yake Mellen. Ana miaka thelathini na nane, na mahari ilikuwa imemshinda miaka yote. Sasa mchumba ana mimba ya miezi mitano. Wakwe huingia bomani wenyewe kuchagua ng'ombe, na Mzee Nchagwa alikuwa amewatengea kumi na wawili upande wa mto.

Mkubwa wao, Mzee Mirumbe, aliwatupia jicho mara moja, akatoa simu mfukoni.

"Wanane hapo nitachukua. Wanne waliobaki nataka hawa."

Ilikuwa ile video. Sauti ya Mellen ikatoka kwenye simu: huyu ni Awendo, lita kumi na nne kwa siku.

"Hao ni wa kazi ya binti," Mzee Nchagwa akasema.

"Binti ana ng'ombe tangu lini?" Watu wakacheka. "Mkwe, umewaonyesha dunia nzima, unatuficha sisi? Nikirudi na hawa wakondefu peke yao, kijiji kitaniuliza wale wa kwenye simu wako wapi."

Mellen aliongea kutoka mlango wa jikoni, polepole. "Baba, hata wawili wabaki. Mwezi mmoja tu, nimalize jibini za Desemba."

"Na mimba nayo tuiambie ingoje mwezi?" Mirumbe akauliza.

Mzee Nchagwa alinitazama, kana kwamba mtu aliyezunguka sana hakosi neno. Nikamgeukia Mniko. Mniko aliangalia viatu vyake. Mzee akatikisa kichwa kukubali, mara moja tu, akaingia ndani.

Wakwe waliondoka na ng'ombe saa kumi, wale wanne pamoja na ndama wao. Mellen alitembea nao hadi barabarani akimweleza Mirumbe: "Awendo mkamue ukiwa kushoto, kulia anapiga teke. Pili hatoi maziwa ndama akiwa mbali."

"Sawa mama. Sawa mama," alijibu, na macho yake yako kwa ng'ombe.

Jioni Mniko alikuja jikoni. "Dada, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Wewe oa."

Jumatatu nikamwambia Mellen twende kwa Mirumbe tununue maziwa ya ng'ombe walewale.

"Nibebe jagi niende kwa wakwe wa kaka yangu? Huyo msichana akija hapa ataishije na mimi?"

Wale wanne waliobaki upande wa mto hawakuwa na maziwa, basi tukaenda kwa majirani. Maboma manane, na kila boma lina watoto wake. Tulirudi na lita tatu. Simu ya Mellen ililia njia nzima, wachangaji wanauliza habari za jibini, hakuitoa mfukoni.

Nikawasha moto. Mellen aliyamimina yale maziwa kwenye sufuria, akaniambia niweke majani ya chai. Watu wa harusi walikuwa wanakuja kupanga siku.