Divai ya Wazee

Siku ya kuchanganya divai, Mzee alivaa shati lake la kwendea harusini. Mkewe alimwambia litaingia madoa, naye akajibu kwamba doa la leo atalitunza. Ndivyo alivyo huyo: jambo likishamkaa rohoni, mwambie utakalo, hasikii.

Na jambo lenyewe lilikuwa shamba. Shamba la mizabibu lililosifika zamani sana, kisha likatelekezwa mpaka vichaka vikaota ndani ya ghala la mapipa. Mzee alipolinunua, watu walimcheka waziwazi. Akafyeka, akaezeka, akapanda mizabibu mipya kwenye mteremko. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye kipande cha nyuma ya ghala, penye mashina manene meusi yaliyoachwa na wenye shamba wa kwanza. Kila aliyeyaona alisema yamekufa. Yeye akayamwagilia, akayapogoa kwa mkono wake, akayasemesha kama wagonjwa wa hospitali, mpaka siku moja yakachipua. Mwanamume mzima akalia! Tangu hapo kipande kile kikaitwa Wazee, na ole wako upite pale bila kuwaamkia.

Binti yake ndiye aliyesomea kazi ya divai, akarudi nyumbani kuisimamia. Walimwita Pua, kwa jinsi alivyojaliwa kunusa. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kuonja divai nyekundu ya kila kipande na kuamua ipi iingie kwa kiasi gani, ili ipatikane divai moja ya kubeba jina la shamba. Asubuhi iliyofuata lingekuja gari lenye mashine ya kujazia chupa. Lebo zilishachapwa, zina picha ya shina jeusi na maneno makubwa: Divai ya Wazee.

Na divai ya Wazee, jamani, ilikuwa mbaya. Si ubaya wa kuvumilika, asikudanganye mtu. Ilikuwa chungu, inakwaruza ulimi, inanuka majani yaliyopondwa. Hata ukiitia kidogo tu, ilizivuruga zile nzuri za mteremkoni. Pua alihangaika nayo weee, mwisho akaenda kupiga magoti kwenye mashina yenyewe akafukua udongo. Alichokiona kilimkata maini. Mizabibu ile ilikuwa imepandikizwa: chini mzizi wa mzabibu pori, mgumu, usioogopa wadudu, na juu yake tawi la zabibu nzuri. Kovu la kuunganishia lilikuwa bado linaonekana. Machipukizi yote yalitoka chini ya kovu. Zabibu iliyosifika ilishakufa zamani, na baba yake miaka yote hiyo alikuwa akilea pori.

Sasa utamwambiaje mtu maneno kama hayo? Kila siku Pua aliamka akisema leo, na kila siku akajitia hamnazo. Alimpenda baba yake, hiyo ndiyo shida yenyewe. Aliogopa kumvunja.

Basi akatunga hila. Akajaza chupa mbili za mchanganyiko, moja yenye Wazee na nyingine isiyo nao, akazivisha soksi zisitambulike. Baba ataonja bila kujua, atajichagulia iliyo nzuri, na hapo patapatikana pa kuanzia.

"Soksi zangu hizo!" Mzee alisema alipofika mezani. "Zimefuliwa?"

"Moja," mkewe alimjibu, ameketi juu ya kreti kando yake.

Wakacheka. Pua alicheka mdomo tu.

Mzee akaonja ya kwanza. Akakunja uso, akatema kwenye ndoo. "Hii umeikosea, mwanangu. Imekuwaje? Humu kuna kitu kimeharibika."

Akaonja ya pili. Akafumba macho, akakaa nayo mdomoni, na uso wote ukamlainika.

"Hawa hapa!" alipaza sauti. "Wazee wangu hawa hapa! Mama Pua, njoo uonje! Nani alisema wamekufa? Aje hapa mbele yangu aseme tena!"

Hilo Pua hakulifikiria hata kidogo. Akamtazama mama yake, na mama yake akatazama chini.

"Si amechagua?" mama alisema harakaharaka. "Basi yaishe."

Na kweli yangeweza kuisha. Ni kunyamaza tu, kujaza ile nzuri, na Mzee angekwenda kaburini akijisifu. Lakini Mzee alikuwa ameshashika mpira wa kuhamishia divai.

"Umewatia kidogo mno, Pua. Tunamimina pipa lao lote."

"Baba, acha."

"Niache nini?"

"Humo hamna Wazee hata tone." Akamwonyesha chupa ya kwanza. "Wazee ni hiyo uliyotema."

Akamweleza yote, kovu, mzizi, machipukizi. Mzee alisikiliza mpira ukiwa mkononi. Pua alipomaliza, baba hakumwangalia yeye, alimgeukia mkewe.

"Ulijua?"

"Ya mizizi sikujua. Uchungu niliujua tangu chupa ya kwanza."

"Ukaniambia tamu, na mimi nikauamini ulimi wako kuliko wangu."

"Ulikuwa umenikodolea macho vile, baba Pua. Ningesema nini?"

"Ungesema chungu!" Alipiga meza, glasi zikaruka. "Ningeng'oa wakati ule nikapanda upya, nikiwa bado na mgongo wa kuinama! Mzabibu hauzai leo na kesho. Nikipanda sasa, nitavuna lini mimi?"

Mama alikuwa analia.

"Tulikuonea huruma," Pua alisema.

"Mlinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mke wangu na mwanangu, halafu mnaita huruma."

Akaivua soksi ile chupa ya kwanza, akamimina glasi tatu zikajaa. "Kunyweni." Wakanywa, wote wawili, huku machozi yakiwatoka.

"Ikoje?"

"Chungu," mama alisema.

"Wewe?"

"Chungu, baba."

Mzee akanywa yake mpaka mwisho, bila kutema. Akajifuta mdomo kwa mkono wa shati lake zuri. "Chungu kweli," alisema polepole. Kisha akamwambia Pua achanganye bila ile, na lebo zile zichomwe.

"Msumeno uko wapi? Nakwenda nyuma ya ghala."

"Baba, si leo. Pumzika kwanza."

"Si leo," Mzee alirudia, akimtazama machoni. "Nyinyi na si leo yenu."

Pua akamwonyesha ulipo.