Shangazi wa Lango la Kusini

Siku hizi nikiwasha kompyuta Jumapili mchana, mke wangu huuliza kama nakwenda kwenye kikao cha wazee. Hajakosea sana. Kwenye ule mchezo wetu wa mapanga na ngao tumebaki tisa: seremala, dereva wa gari la wagonjwa, mimi fundi friji, na wengine wenye vitambi vya aina hiyohiyo. Kila mtu kwake, tunaongea kwa hedifoni.

Zamani tulijazana kwenye intaneti kafe moja, kompyuta kumi na mbili, feni moja, na ukimchinja mtu unamsikia akisonya safu ya nyuma. Siku yangu ya kwanza aliniua karani wa posta tuliyemwita Mama Stempu. Nikafa, nikaamka, nikafa tena. Mara ya tatu akaburuta kiti chake mpaka kwangu, akaniwekea vidole kwenye vitufe.

"Ngao kwanza, mdogo wangu. Ushujaa utakuja wenyewe."

Macho yalipomchoka akaacha kucheza. Nadhani aliondoka na adabu yetu.

Maana tukaanza mtindo wa kumvizia mgeni pale Lango la Kusini, wanapotokea wote, tunamkata kabla hajajua kitufe cha kukimbilia. Tuliita kumkaribisha. Nami nilicheka sana tu, sijitoi. Shida ni kwamba pambano halianzi mpaka watimie watu kumi, na wenye mchezo walishatangaza: uwanja usipochezwa mwezi mzima, unafungwa. Jumapili tatu zilikuwa zimepita tumekaa tisa tunapiga porojo, na kila mgeni tunamkaribisha mpaka anahama.

Ya nne, ya mwisho, akatokea mmoja aliyejiita Shangazi. Wiki iliyotangulia tulimchinja mara kumi na moja. Na bado karudi.

Nikawaomba wenzangu wamwache. Seremala akasema nimezeeka. Eti sisi tulilia, na yeye alie kidogo.

"Wewe hukulia," nikamwambia. "Uliburutiwa kiti na Mama Stempu, kama mimi."

Nikasikia randa yake ikiwekwa mezani.

Nikaenda langoni peke yangu. Nikatupa panga, nikalaza ngao yangu miguuni pa Shangazi, nikapiga goti. Ujue, tangu siku ile ya Mama Stempu, miaka kumi na moja, hakuna aliyewahi kuniua kwenye lango lile. Shangazi akanitazama, akazunguka taratibu kama anakagua kabati la kununua, akanichoma kisu cha shingo.

Dereva alicheka mpaka akapaliwa. Kisha maneno yakaanza kutokea kwenye skrini, herufi mojamoja, za mtu anayetafuta kila kitufe:

"Samahani. Nilidhani hivyo ndivyo mnavyosalimiana."

Hakuna aliyecheka tena. Nikasikia mtu akikohoa, mwingine akisogeza kiti. Halafu Seremala, kwa sauti ya chini kabisa, akamwomba Shangazi awe upande wake.

Tukatimia kumi. Pembe ya kuanza ikalia. Nilikuwa nimesahau ilivyo na mkwaruzo.

Upande wao ulipigwa vibaya. Shangazi alitumbukia mtoni mara nne, hajui kuruka. Na kila mara Seremala, yule mwenye kiburi kuliko sote, aliacha pambano akaenda kumsubiri ukingoni, ngao juu, huku sisi watano tukimjia.

"Bonyeza kile kirefu cha chini, dada," alikuwa anasema. "Polepole. Hatuendi popote."